Mwanafunzi wa Mwisho wa Msumeno

Watu wa kitivo cha elimu walimpachika jina la Msumeno, kwa kuwa alikata akienda na akirudi. Mwanafunzi aliyeingia ofisini kwake na sura nzuri ya tasnifu alitoka nayo imechanjwa kwa wino mwekundu. Aliyeingia na mbaya alitoka akitafuta ukuta wa kuegemea. Sifa hizo zilikuwa zimemfikia Mama Pacha kabla hata hajapeleka maombi yake. Kwa hiyo asubuhi ya usaili, akiwa kwenye benchi la korido anasubiri kuitwa, majibu aliyoyakariri wiki nzima yalikuwa yakimponyoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtu mzima aliyekwisha kula chumvi. Pacha wake, wasichana wawili, walikuwa wameshampita kimo. Waombaji wenzake walikuwa vijana, na walipomwona walimwamkia shikamoo wakidhani ni mmoja wa watahini. Alipowaambia kwamba naye amekuja kuomba nafasi ya uzamivu, walitazamana, kisha mmoja akamsogezea begi ili akae vizuri, kama anavyofanyiwa mgonjwa.

Ndani, wajumbe wawili wa jopo walimuuliza maswali ya adabu. Wa tatu, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi zilizopiga mvi, alivua miwani na kumkazia macho.

"Umewafundisha watoto wadogo kusoma miaka yote hiyo. Leo unataka udaktari wa nini? Kichwa kinakuwasha?"

Yale majibu ya kukariri yakapeperuka yote. Mama Pacha akajikuta anasema lililokuwa moyoni.

"Nina mtoto darasani, Profesa. Kitabu amekishika juu chini, na hadithi anaisoma yote bila kukosea neno. Ameishika kwa kumsikiliza jirani yake. Kila mwaka nampata mmoja wa namna hiyo, na kila mwaka nachelewa kumwona. Nataka kujua mtoto anajifunzaje kuficha kwamba hajui."

Msumeno akavaa miwani yake. "Huyu niachieni mimi," akawaambia wenzake, kama mtu aliyechagua kuku sokoni, na Mama Pacha akatoka nje asijue kama amepewa nafasi au amepelekwa machinjioni.

Alipewa nafasi. Mwaka wa kwanza na wa pili aliishi kwa hofu ya kawaida, ile ya mwanafunzi. Barua pepe ya Msumeno ikiingia, aliilaza simu kifudifudi, akamaliza kwanza kuosha vyombo, ndipo akathubutu kuifungua. Pacha wakawa wanamcheka. "Mama, mwalimu wako amekuita? Au amesema uje na mzazi?" Baba Pacha, aliyekuwa fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache, alimwambia mtu hafi kwa kukosolewa. "Wewe hujamwona," Mama Pacha alijibu.

Lakini Msumeno alijua kufundisha. "Hii ni sentensi au ni ajali ya barabarani?" alikuwa akiuliza. "Majeruhi nawaona, ila kilichotokea hakionekani." Na tena: "Usiniandikie kwamba mtoto ni mvivu. Uvivu hauonekani. Niandikie alichofanya kwa macho, kwa mikono, kwa mdomo." Basi Mama Pacha alirudi madarasani, akakaa nyuma kwenye viti vidogo vilivyomuumiza magoti, akatazama upya. Akaona mambo ambayo miaka yote yalikuwa mbele ya pua yake. Mtoto asiyejua kusoma huulizwa swali akajibu kwa swali. Hucheka kabla wenzake hawajacheka. Huomba kwenda msalani zamu yake inapokaribia. Huitikia kwa kichwa kwa nguvu kuliko wote. Alipomsomea Msumeno hayo, profesa akasema, "Sasa umeanza kuona." Siku ile Mama Pacha alirudi nyumbani anaimba.

Alimwogopa na alimpenda, vyote viwili kwa pamoja, kama mtu anavyomwogopa mama yake.

Mwaka wa tatu hofu ikageuka sura. Ilianza na jambo dogo. Msumeno alimwamuru aiondoe sehemu ya mwisho ya sura ya nne, akaiondoa. Alipopeleka kazi, profesa akapekua, akarudia kupekua, akafoka. "Ile sehemu ya mwisho iko wapi? Nani amekwambia uitoe?"

"Ni wewe, Profesa."

"Mimi? Mimi nina wazimu?"

Mama Pacha akaomba radhi. Akairudisha. Safari iliyofuata akaulizwa kwa nini sura imekuwa ndefu kama mkia wa ng'ombe, na kwa nini ile sehemu ya mwisho ingalipo. Akaomba radhi tena. Akaanza kujishuku. Baba yake mzazi aliiaga dunia akimwita kwa jina la shangazi yake, hamjui mtoto wala mjukuu, na Mama Pacha alikuwa akiamini, bila kumwambia mtu, kwamba ugonjwa ule hauisahau nyumba uliyowahi kulala. Sasa akadhani zamu yake imefika. Asubuhi akitembea kwenda shuleni, alijitahini kwa kutaja majina ya wanafunzi wake wote kwa mfuatano wa madawati. Akikwama kwa jina moja, alirudi akaanza upya dawati la kwanza. Mezani, pacha wakimwambia, "Mama, hilo umeshatuambia," alikiweka kijiko chini.

Kitivoni alikuwa na rafiki mmoja, mkufunzi wa chuo cha ualimu, kijana mcheshi ambaye wenzake walimwita Tanbihi kwa sababu hakuweza kusema jambo bila kuongeza jingine chini yake. Naye alikuwa chini ya Msumeno. Siku moja walijikuta ofisini kwa profesa pamoja, na mbele ya macho ya Mama Pacha, Tanbihi akakabidhi sura zake zote, zimechapwa na kufungwa vizuri. Msumeno akazitia kwenye mkoba wake wa ngozi. "Nitazisoma," akasema. Msimu mzima wa masomo ukapita. Tanbihi alipouliza, akajibiwa kwamba hajawahi kuleta kitu, na kwamba mtu mvivu asiyekuwa na haya ni hasara kwa taifa.

"Dada, mimi nimepigwa na butwaa," Tanbihi alimwambia wakiwa kwenye ngazi za maktaba. "Nikasema labda ananipima. Nikampelekea kwa barua pepe. Akasema hajaona. Nikampelekea tena kwa mkono. Akaniuliza mimi ni nani."

"Akakuuliza wewe ni nani?"

"Nikacheka. Nikadhani ni kejeli zake. Unamjua alivyo." Alijaribu kucheka hata sasa, kicheko kikamfia mdomoni. "Tanbihi: mwajiri wangu ameniruhusu kwa masharti. Nikifukuzwa huku, na kule nimekwisha."

Mama Pacha akaikumbuka ile sehemu ya mwisho ya sura ya nne.

Wiki ileile alikuwa na miadi na Msumeno. Safari hii hakuangalia karatasi, alimwangalia mtu. Aliuliza kama jedwali la pili libaki. "Wewe unaonaje?" Msumeno akajibu. Aliuliza kuhusu mtahini wa nje. "Kwani wewe umemfikiria nani?" Profesa akamtaka asome kwa sauti ukurasa wa kwanza, na Mama Pacha akafanya jambo ambalo baadaye lilimwondolea usingizi: akasoma aya moja, kisha akairudia aya ileile neno kwa neno. Msumeno aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Profesa akainuka, akasema anakwenda msalani mara moja.

Alikawia. Mama Pacha akatoka kumtafuta. Akamkuta kwenye korido, mbele ya mlango wa stoo ya viti vibovu, anapambana kutia ufunguo kwenye kitasa. Alipomsikia, aligeuka. Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa ukali. Hakukuta ukali. Alikuta macho aliyokuwa akiyaona kwa watoto wa dawati la nyuma, zamu ya kusoma inapowafikia.

"Wamebadilisha kitasa," Msumeno alisema. "Hawa watu hawaarifu mtu."

"Ndiyo, Profesa. Tupite huku."

Akamshika kiwiko, akampeleka mlango wa pili, wake mwenyewe, uliokuwa wazi kama alivyouacha. Mama Pacha alichukua mkoba wake, akaaga, na alipofika nje alikaa kwenye ukingo wa bustani. Kwanza alishukuru kwamba si yeye. Kisha akajichukia kwa kushukuru. Kisha ikaja hofu mpya, kubwa kuliko ya mwanzo, maana sasa alikuwa anajua jambo, na anayejua hana pa kujificha.

Nyumbani alimsimulia mumewe, aliyekuwa amelaza jokofu la watu uani, analifungua nyuma.

"Umebakiza nini?" Baba Pacha aliuliza.

"Sura moja na utetezi."

"Basi nyamaza. Ukishavaa joho, sema. Ukisema leo, watakwambia kazi yote aliyokusimamia ni batili. Utaanza upya na nywele hizo zimeshaanza kuwa nyeupe?"

"Na Tanbihi?"

"Tanbihi ana mdomo wake." Akaona uso wa mkewe, akaweka bisibisi chini. "Mama Pacha, miaka mitatu nakuona unakula umesimama. Sitaki ikapotee. Ndivyo ninavyosema tu."

Alinyamaza. Lazima isemwe hivyohivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: alinyamaza kwa wiki nyingi, akijiambia kwamba wakubwa wataona wenyewe, kwamba si mahali pake, kwamba mtu hatii mkono kwenye mzinga usio wake. Alipokutana na Msumeno alimsaidia. Akimwona amekwama, alimtilia neno mdomoni. Akiitwa kwa jina la mtu mwingine, aliitika. Kila alipotoka pale alijiona kama mtu anayetembea juu ya dari bovu, anasikia mbao zinavyolia.

Halafu Tanbihi akaitwa na Mkuu wa Kitivo. Msimamizi wake ameripoti kwamba hajawasilisha kazi yoyote. Aje ajieleze kwa nini masomo yake yasisitishwe. Alipompigia Mama Pacha simu, ule utani wake wote ulikuwa umekauka.

"Dada, wewe ulikuwepo. Uliniona nikimpa."

"Niliona."

"Utasema?"

Mama Pacha alifungua mdomo, sauti haikuja. Upande wa pili Tanbihi naye akasikia ule ukimya, na akaelewa. "Haya, dada," alisema kwa upole. "Nimekuelewa." Upole ule ndio uliomchoma. Laiti angemtukana.

Kesho yake mchana alikwenda nyumbani kwa Msumeno. Aliyefungua mlango alikuwa mzee mnene aliyejitupia taulo begani, mdogo wake profesa, mfamasia mstaafu aliyekuwa akiishi naye. "Dada ana mafua," alisema, mlango ameushika kwa mwili. "Rudi wiki ijayo." Lakini sauti ikatoka ndani: "Mwache mwalimu aingie. Nawe nenda katutengenezee chai."

Sebuleni vitabu vilikuwa vimepangwa hadi darini. Msumeno alikuwa kwenye kiti cha mkono, amejifunika shali, na siku ile macho yake yalikuwa maangavu, yale ya usaili.

"Uliniona," alisema kabla mgeni hajakaa vizuri. "Pale kwenye stoo."

"Nilikuona, Profesa."

"Na ile aya uliyoisoma mara mbili. Niligundua baadaye, nikiwa naoga. Ulinitega." Hakukuwa na hasira ndani yake. "Mtoto wako wa darasa la kwanza ukimbaini, humfanyaje?"

"Simwumbui mbele ya wenzake. Namngoja wakitoka, nakaa naye."

"Basi kaa."

Wakakaa. Kisha yule mwanamke ambaye watu wazima walikuwa wakimkimbia koridoni akainama mbele, akamshika mkono mwanafunzi wake.

"Daktari ameniambia tangu mwaka jana. Nimemwomba mdogo wangu asiseme. Naogopa, mwalimu. Asubuhi nikiamka, kabla sijafumbua macho, najiuliza leo kimeondoka nini. Niache nikumalizie wewe. Wewe ni wa mwisho wangu. Nikishakuvalisha joho, nitakaa kando mwenyewe, sitangoja kufukuzwa. Nakusihi."

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa kufokewa, si kwa kusihiwa. Lilikuwa jambo jepesi kusema ndiyo. Ndiyo ile ilikuwa na faida kwake yeye, kwa profesa, na kwa Baba Pacha.

"Profesa, yuko Tanbihi."

"Nani?"

"Mkufunzi. Mwanafunzi wako. Alikupa sura zake zote, nami nikiwepo, ukazitia kwenye mkoba. Umeripoti kwamba hajaleta kitu. Keshokutwa wanamfukuza."

Msumeno aliganda. Ungemwona anatafuta ndani ya kichwa chake, chumba kwa chumba, anawasha taa na haziwaki. "Tanbihi," alirudia taratibu. "Ana uso gani?" Kisha akaachia mkono wa mgeni wake, akashika kingo za kiti. "Mungu wangu. Nimemfanya nini mtoto wa watu?"

Sinia lililia mlangoni. Mdogo mtu alikuwa amesikia yote. Aliweka chai chini kwa nguvu, akamwita Mama Pacha barazani.

"Unataka kumzika dada yangu angali hai?" alimnong'oneza, mishipa ya shingo imemsimama. "Jina lake ndilo pekee alilobaki nalo. Litoe neno hilo mbele za watu, halafu tuone joho hilo utalivalia wapi. Najuana na watu kitivoni tangu kabla wewe hujazaliwa."

"Mzee wangu, mficha maradhi—"

"Usinipe methali! Mimi ndiye ninayemvalisha viatu."

Maneno yale yalimkata Mama Pacha maini, kwa kuwa yalikuwa kweli. Alipogeuka kuondoka, Msumeno alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. "Keshokutwa uje unichukue," alisema. "Nitakwenda kusema mwenyewe."

Siku yenyewe Mama Pacha alikwenda kumchukua, na mdogo mtu akafungua mlango bila salamu, akamfunga dada yake vifungo vya koti kimya kimya. Walipopanda teksi Msumeno alikuwa mzima, hata akamtania dereva. Walipofika kwenye lango la chuo alimgeukia Mama Pacha.

"Tunakwenda wapi?"

Mama Pacha alimweleza tena, neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Profesa akakunja uso. "Nani amekutuma? Wewe mwanafunzi, unanipeleka mimi kama mbuzi? Sina mwanafunzi wa jina hilo."

Je, amrudishe? Aliyekubali kuja juzi alikuwa profesa mwenyewe. Anayekataa leo ni nani? Hakuna kitabu cha mbinu za utafiti kilichomfundisha jambo hilo. Walikaa kwenye benchi la kitivo, bega kwa bega. Tanbihi akafika, amevaa tai, uso umesawajika, akawasalimu. Msumeno akamwitikia kwa heshima kama anavyoitikiwa mgeni. Kisha mlango ukafunguliwa, wote wakaitwa, na profesa akainuka na kuingia kwa mwendo wake wa siku zote, kichwa juu.

Mkuu wa Kitivo alikuwa mtu wa haraka, kalamu mkononi. Alimshangaa Mama Pacha, lakini Msumeno akasema, "Huyu yuko nami," hivyo akaachwa akae.

"Profesa, swali ni moja tu. Huyu bwana amewahi kukukabidhi kazi?"

"Hajawahi," Msumeno alisema. Sauti ilikuwa imara, ile ile iliyowatetemesha watu kwa miaka. Tanbihi alifumba macho. Mkuu akainamisha kalamu kuandika.

Mama Pacha alisikia mtu anasema, "Si kweli," na ilimchukua muda kutambua kwamba mtu huyo ni yeye. "Samahani, Mkuu. Alimpa. Nilikuwepo. Alizitia kwenye mkoba wake wa ngozi."

"Unasema profesa ni mwongo?"

"Hapana." Machozi yalikuwa yanamlenga, na alijua kwamba neno linalofuata likitoka halirudi, wala sura zake, wala miaka yake. "Profesa hasemi uongo. Profesa..."

Hakuweza. Alimgeukia Msumeno, na Msumeno alikuwa akimtazama, kwanza kwa ghadhabu ya kutisha, kama mtu aliyechomwa kisu na mwanawe. Kisha polepole kitu kikapita machoni pake. Alimtazama Tanbihi, tai yake, mikono yake juu ya magoti. Alimtazama tena Mama Pacha.

"Mwalimu huyu haoni kisichokuwepo," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuona." Akaweka viganja vyake mezani, wazi, kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Mkuu, mimi nasahau. Si mambo madogo. Nimemsahau kijana huyu mzima mzima. Andika hivyo. Andika upesi, kabla sijabadilisha maneno."

Kalamu haikuandika. Mkuu wa Kitivo, ambaye naye zamani alikuwa mwanafunzi wake, aliinuka, akazunguka meza, akapiga goti karibu na kiti chake.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Tanbihi alirudishiwa masomo yake, na mkoba wa ngozi ulipofunguliwa, kazi yake ilikutwa humo, kona hazijakunjwa. Lakini maneno yalienea. Wapo waliosema Mama Pacha amemwangusha aliyemwinua, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Wengine wakampisha koridoni kama mwenye upele. Alipewa msimamizi mpya, bwana mwoga aliyemtaka arudie utafiti katika shule nyingine ili kuwe na hakika, na hiyo ikamgharimu mwaka. Baba Pacha hakusema "nilikwambia." Alisema tu, "Kula ukiwa umekaa," akamvutia kiti.

Siku ya utetezi aliingia akiwa na hofu yote ya zamani, na nyingine juu yake. Mtahini wa nje alimhoji mpaka ulimi ukawa mzito. Karibu na mwisho akauliza: sura za mwanzo zilisimamiwa na mtu aliyekuja kustaafu kwa maradhi, je, yeye mwenyewe anaziamini? Mama Pacha alisikia wasikilizaji wakijisogeza vitini. "Naziamini kuliko zile za mwisho," alijibu, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa sauti, Mama Pacha akadhani ni Tanbihi. Wakamtoa nje, wakamrudisha. Amefaulu, kwa masharti ya marekebisho madogo.

Kabla ya kwenda nyumbani alipitia kwa Msumeno. Tangu ile siku hakuwahi kukanyaga pale. Mdogo mtu ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amepungua mwili. Kisha akasogea pembeni, akasema, "Ingia. Leo amekula."

Profesa alikuwa kwenye kiti kilekile. Alimpokea mgeni kwa tabasamu la adabu, la mtu asiyejua anatabasamu kwa nani.

"Shikamoo, Profesa. Nimetetea tasnifu yangu leo. Nimefaulu."

"Hongera sana, binti. Ya nini?"

"Ya elimu. Kuhusu watoto wanaoficha kwamba hawajui."

"Ah." Alifikiri. "Hiyo ni kazi nzuri. Nani alikusimamia?"

"Wewe."

Msumeno akashtuka, akajitazama mikono, akamtazama tena. Hofu ilipita usoni mwake kama kivuli cha ndege, na Mama Pacha akasogeza kiti karibu, akamshika kiganja.

"Nilikuwa msimamizi mzuri?" profesa akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa mzuri sana. Tena ulikuwa unatisha, Profesa. Nilikuwa nikikuota."

Msumeno akaduwaa kidogo, kisha akaanza kucheka, kicheko cha ndani, kikapanda, kikamtikisa mabega mpaka miwani ikamshuka puani, na mdogo wake akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kuja kuona kuna nini.